Walioanguka kwa Heshima

Mume wangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Korongo. Si kwa urefu, maana ukimsimamisha kando ya kabati la nguo huenda usimwone. Jina alipewa na wapita njia waliomkuta alfajiri uani kwetu, kasimama kwa mguu mmoja, mikono kaikunjua, macho kayakaza ukutani utadhani kasahau kilichomtoa kitandani. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa anafanya kung fu yake, aliyofundishwa na baba yake mdogo, ambaye naye aliitoa ng'ambo alikokwenda kufanya kazi ya mitambo. Niliposikia mara ya kwanza kwamba mchumba wangu anajua kupigana Kichina, nilijiambia nimepata mtu wa kunilinda. Kumbe nimepata mtu anayewahi kuamka ili asukume hewa.

Karakana yetu ni moja. Yeye yuko upande wa mbao, springi na mikanda, mimi niko upande wa cherehani nashona vitambaa. Jioni tukishafagia vipande vya sponji na kusogeza makochi ukutani, palepale panageuka darasa. Wanafunzi wanavua viatu mlangoni, wanaingia kimya, wanamwita Mwalimu. Mimi siondoki kwenye cherehani yangu, kazi za watu nazo zinataka kuisha. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikusimuliwa na mtu, nimeyaona kwa macho yangu mawili, na mengine nimeyapata kwa mgongo wangu.

Nilichokuwa nikikiona kila jioni ni watu kuanguka. Mwanafunzi anarusha ngumi, kisha anauacha mkono hapohapo hewani, umenyooka kama umeanikwa. Mume wangu anaukamata kifundoni, anapitisha mguu nyuma ya mguu wa mwenzake, kiganja kifuani, anazungusha kiuno, na mtu huyo yuko chini. Mtindo huo anauita Funga Mlango. Aliyeanguka anainuka, anajipangusa, anasema asante Mwalimu. Ulikuwa unapendeza kutazama, sikatai. Lakini mimi nimelea watoto watatu, namjua anayeanguka na namjua anayejiangusha. Nilimwambia waziwazi, baba, hawa wanakuangukia kwa heshima. Akacheka, akasema nishone.

Sasa, kati ya wanafunzi hao alikuwamo mlinzi wa ghala la saruji, kijana mrefu na mpole kupita kiasi, tena ndiye aliyekuwa anaanguka vizuri kuliko wote. Siku moja mchana kweupe, mtu mmoja akataka kupita getini kwa nguvu. Mlinzi alikuwa na filimbi shingoni, lakini akaona leo ndiyo leo. Akajipanga kama alivyofundishwa, akaingoja ngumi. Ngumi ikaja, akapeleka mkono kuikamata, akakamata hewa. Ilikuwa imesharudi ilikotoka, na nyingine iko njiani. Hiyo ya pili ikamvunja taya sehemu mbili.

Tulikwenda hospitali kumwona. Uso umevimba, meno yamefungwa waya, chakula chake ni cha kunyonya kwa mrija. Alipomwona mume wangu alitaka kuinuka, nikamrudisha kwenye mto. Akaongea kwa shida, meno yamebanana, ikabidi tuiname ndipo tumsikie.

"Mwalimu, nilikosea wapi?"

Mume wangu alivuta kiti akakaa. Alimshika mkono, akamwambia apumzike, na hilo ndilo jibu alilopewa mgonjwa wa watu. Tulipofika karakana alikaa kwenye kochi lililokuwa halina sponji, juu ya mikanda mitupu, akashika tama.

"Hakukosea," akasema. "Alifanya vilevile nilivyomfundisha. Mama, kumbe miaka yote hii nawadanganya watoto wa watu?"

Ningeweza kumwambia si nilikwambia. Neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, na anayenijua anajua ulimi wangu hauna breki. Lakini nilimtazama usoni nikaliacha. Mtu akiwa ameshajipiga mwenyewe kiasi kile, wewe unaongeza nini?

Siku iliyofuata alikwenda kujiandikisha kwenye mashindano ya wazi, yale ambayo ngumi ni ngumi, teke ni teke, na kuangushana ruhusa. Mtu mzima wa umri wake, ulingoni! Akanieleza mpango wake akiwa ameshika nyundo, bila kunitazama. Ataingia ulingoni na kung fu ileile ya baba yake mdogo, hatachanganya na kitu kingine, apambane na mtu asiyemjua na asiyemwonea haya. Ikifanya kazi, ataendelea kufundisha. Isipofanya kazi, analifunga darasa, anawapitia wanafunzi nyumba kwa nyumba na kuwaambia kwa kinywa chake kwamba alichowapa ni dansi. Nikamjua hatanii. Hicho kitu ndicho alichokuwa nacho tangu ujana, na alikuwa tayari kukizika mwenyewe.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, alipopata habari alikuja mbio, akanigombeza mimi, eti nimeshindwa kumtunza mdogo wake. Nikamwambia mdogo ni wako, karakana ile pale, nenda kamzuie. Akaenda. Akarudi kimya, akaomba maji ya kunywa.

Mazoezi yakaanza, na hapo ndipo tulipoona shida ilivyokuwa kubwa. Aliwaomba wanafunzi wake wampige kwelikweli. Hawakuweza. Mmoja alimgusa bega kama anayejaribu kitambaa kipya, akaomba radhi. Aliwagombeza, wakazidi kuogopa, wakazidi kuanguka. Nikawa nashona huku nikipandwa na hasira, mwishowe nikaizima cherehani nikasimama. Nikamwambia aje kwangu, mimi sina heshima ya kiasi hicho.

Alikata sponji nzito za kukalia, mimi nikazishonea vitambaa vya maua vilivyobaki kwenye seti ya mteja, tukazifunga kifuani na mbavuni, nikaonekana kochi lililoota miguu. Wanafunzi waligeukia ukutani wasicheke. Ngumi sikuwa nazijua, ila sababu ninazo, mke gani hana? Nikamrushia ya kwanza nikaurudisha mkono wangu haraka, maana kwa nini nimwachie? Akaukimbilia kwa kiganja, akaukosa, nami nikamtia ya pili puani. Damu ikatoka. Akasema vizuri sana, tena.

Tukaenda hivyo jioni baada ya jioni. Kila akiukimbilia mkono, haupo. Kila akikosa, anakula nyingine. Nilianza kumwonea huruma, na huruma yangu huwa inatoka kwa sura ya ukali. Jioni moja, amenikosa kwa mara ya ngapi sijui, nikamfokea.

"Unahangaika na mkono wangu wa nini? Mimi mwenyewe niko huku."

Akaganda. Akaniomba nirudie nilichosema, nikarudia. Akaniomba nirushe ngumi polepole. Nikarusha, nikaurudisha, na safari hii kiganja chake hakikukamata kitu. Kilikaa juu ya mkono wangu, wazi, kikaja nao ulipokuwa unarudi, na mwili wake mzima ukaja nyuma yake. Kufumba na kufumbua tumekaribiana vifua, mguu wake uko nyuma ya wangu, na mimi niko chali juu ya mito natazama mabati. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Alinitazama ametoa macho. "Umejiangusha?"

"Mimi? Nijiangushe kwa ajili yako?"

Hapo akatoka uani bila viatu, akafanya ile mitindo yake ya asubuhi, mmoja baada ya mwingine, polepole, na nilimfuata nikiwa bado nimevaa maua yangu. Alipofika kwenye Funga Mlango akasimama. Kiganja kilikuwa wazi. Tangu siku ya kwanza nilipomwona akisukuma hewa, mahali pale kiganja huwa wazi, hakifumbi kamwe. Kukamata kifundo alikuongeza yeye darasani, kwa kuwa mikono ya wanafunzi ilikuwa inamngoja. Baba yake mdogo alikuwa amempa kitu sahihi mkononi, na aliyempa baba mdogo vilevile, watu na watu kwenda nyuma huko ambako hatuwajui hata sura, kila mmoja kakibeba bila kukipunguza, mpaka kikafika uani kwetu kati ya ndoo na kamba ya nguo. Nywele zilinisimama. Mimi niliyekuwa naita mambo hayo kusukuma hewa, nilikaa kwenye ngazi, nikafungua kiganja changu, nami nikasukuma hewa.

Lakini mke na sponji ni kitu kimoja, ulingo ni kingine. Mashindano yalikuwa Jumapili alasiri, ukumbi umejaa, joto la kukaushia nguo. Mpinzani aliitwa Tofali, mpakuzi wa magunia sokoni, kijana kuliko mume wangu, mrefu kuliko mume wangu, na waliompiga hadi siku hiyo hawajulikani. Mimi nilikaa kwenye kona yetu, taulo begani, maana wanafunzi waliogopa kulishika. Nilikuwa nimeshaambiwa likirushwa ulingoni pambano limekwisha. Nikawa nalipapasa kila dakika kuhakikisha lipo.

Raundi ya kwanza sitaki kuikumbuka. Mume wangu aliingia kasimama kwa mtindo wake, mikono mbele, na nyuma yetu watu wakaanza kulia kama ndege. Tofali akamtia teke la paja lililosikika ukumbi mzima, kama ninavyokung'uta mito vumbi. Ngumi zikafuata. Nyusi ikapasuka. Mume wangu aliyekuwa anasogea uani kama maji, pale alikuwa anarudi nyuma tu, anakinga, anapepesuka. Taulo lilikuwa limeshatoka begani liko mkononi kengele ilipogonga.

Alikaa kwenye kiti, nikamfuta damu. Nilitaka kumwambia twende nyumbani, darasa lifungwe, watu wacheke, wewe uwe mzima tu. Akaniwahi.

"Anarudisha mkono chini," akasema.

Nikalitazama lile jicho lililokuwa linazibwa na damu, nikaona hakuna woga ndani yake, kuna furaha. Roho ikiwa mkononi, nikamwambia, "Basi mfuate."

Raundi ya pili Tofali alikuja kumaliza kazi. Akarusha ngumi ya kushoto, mume wangu akaipokea ubavuni mwa mkono, na ilipogeuka kurudi, akarudi nayo. Sijui niseme vipi. Hakukimbia, hakuruka. Alikuwa huku, kisha akawa kule, kiganja wazi kifuani kwa mtu, kiuno kikazunguka kama kila asubuhi ya ndoa yetu, na Tofali, mtu mzima, na mabega yale ya kubebea magunia, akaenda chini kwa mgongo mpaka mbao zikalia. Nilisikia hadi feni ya ukumbi.

Tofali aliinuka. Hakujipangusa, hakusema asante. Alitukana. Na mimi, jamani, sijawahi kufurahia tusi namna ile. Mtu huyu hamjui mume wangu, hampendi, hamwonei haya, amekuja kumvunja, na ameanguka. Machozi yalinitoka palepale nikiwa nimeng'ang'ania kamba.

Mume wangu akamwangusha tena kabla ya kengele. Raundi ya tatu Tofali aliingia kwa tahadhari, mikono ameibana, na asiyetaka kutoa mkono atapiganaje? Alipoamua kuutoa, aliutoa kwa nguvu zake zote. Mume wangu aliingia nao hadi ndani, safari hii kigasha, kile kipande cha kiwiko hadi kiganja, kikiwa kwenye kifua cha mwenzake walipotua pamoja. Tofali alibaki amekaa, pumzi hazipandi, akamwonyesha mwamuzi kwa kichwa kwamba basi. Mume wangu alikuwa wa kwanza kupiga magoti kumtazama kama anapumua. Wifi yangu huko nyuma alikuwa amepanda juu ya kiti, mtu na heshima zake.

Watu walitujia kwa wingi, waliolia kama ndege nao wakitaka kumshika mkono. Katikati yao akapenya mlinzi wetu, taya bado limefungwa waya. Alikuwa ametazama pambano lote kutoka mlangoni. Wengine wakampisha. Akasema kwa meno yaliyobanana, taratibu, "Mwalimu, ile ilikuwa Funga Mlango."

"Ndiyo."

"Si ileile niliyofanya mimi?"

Mume wangu alikuwa na pamba kwenye nyusi na mwamuzi anamwita akapigwe picha. Hakwenda. Alisema kwa sauti ya kusikika, wanafunzi wake wote wamesimama pale, na wale waliokuja kumsifu wamesimama pale.

"Siyo. Wewe hukukosea kitu, kijana wangu. Nilikosea mimi, na umelipa wewe."

Kijana alisogea karibu. Akampangusa mwalimu wake damu shavuni kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nikaona nitafute ukuta wa kugeukia.