Hesabu Tena, Shemasi

Asubuhi ile Titus Wadley aliivuta kamba ya kengele kwa hasira mpaka njiwa wa paani wakahama wote. Hiyo ndiyo kazi ambayo mji wetu wa Harrowby ulimpa tangu arudi kutoka vita vya kujikomboa na Waingereza: kufagia jumba la mkutano, kutunza ufunguo wa mlango, kupiga kengele Jumapili na siku za shauri. Shauri la leo lilikuwa katiba mpya ya jimbo letu la Massachusetts, iliyopelekwa kila mji ijadiliwe. Ibara ya tano ilisema kila mwanamume huru atapiga kura, isipokuwa Weusi, Wahindi Wekundu na machotara. Titus alikuwa Mweusi. Yaani alikuwa akiwaita majirani zake kwa mkono wake mwenyewe, waje waamue kama yeye ni mtu!

"Usiende na uso huo," mkewe Violet alikuwa amemwambia alfajiri, akimsogezea uji wa mahindi. "Watasema unatafuta ugomvi."

"Nautafuta kweli."

"Basi kula kwanza, usije ukazirai ukawafurahisha."

Hakula. Kutulia hakukuwa tabia yake tangu zamani. Alizaliwa mtumwa kwa mtengeneza ngozi mmoja, na mwana wa bwana wake alipoitwa jeshini, akapelekwa Titus badala yake kwa ahadi ya uhuru. Baridi ya kambini ikamla vidole vitatu vya mguu. Alirudi huru, akapata kishamba kando ya kinamasi, akalipa kodi kama wenzake, na katika mikutano miwili ya mji, ya majira ya machipuko, akanyoosha mkono na kupiga kura. Hakuna aliyefungua mdomo. Sasa wakubwa wa serikali kule Boston wanataka mkono ule ushuke!

Mwenyekiti, Shemasi Eliphalet Coggin, alisoma ibara moja moja, na watu wakaikaba katiba koo. Haki za raia hazikutajwa popote! Maskini asiye na mali asimchague gavana, kwa nini? Kwani risasi zilichagua wenye mali? Titus alikuwa akikaa, akisimama, akikaa tena. Ilipofika ya tano, Shemasi aliisoma haraka kama anayemeza dawa chungu, akarukia ya sita. Hakuna aliyekohoa.

Alasiri katiba ikakataliwa na wote. Watu wakavaa kofia wakicheka, wakasukumana kuelekea mlangoni. Titus alikuwa amewatangulia. Alikuwa ameufunga, na ufunguo umo mkononi mwake.

"Titus, fungua bwana, ng'ombe wangu wanalia," alisema Jotham Peasley, mwenzake wa vitani.

"Mkutano haujavunjwa. Nina neno. Mmeikataa, vizuri. Lakini mnawapelekea Boston sababu zenu, na ya tano haimo. Kesho wataandika katiba nyingine waniache nje tena, na watasema Harrowby hawakulalamika."

"Si imekufa yote?" mtu akamdhihaki kutoka nyuma. "Unataka na matanga yake?"

"Nataka iandikwe."

Jotham aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. "Jamani, huyu alinibeba mgongoni nikiwa na homa, na leo nimekaa kimya kama gogo. Namuunga mkono. Tugawane pande."

Basi wakagawana, huku wakinung'unika: wanaoipinga ya tano upande wa madirisha, wengine upande wa mimbari. Titus akasimama mwisho wa mstari wa madirishani, karibu na mlango. Shemasi akapita na fimbo yake, akigusa kila bega na kuhesabu. Alipomfikia Titus, fimbo ikarudi kwapani.

"Thelathini na wanne kwa kumi na tisa. Pingamizi limepita, litaandikwa. Haya Titus, furahi, utufungulie."

Jotham akamkumbatia. Watu wakampiga piga mgongoni. Furaha ilimpanda Titus mpaka machozi yakamlenga, kisha akaitazama ile fimbo kwapani mwa Shemasi. Alichokiomba amepewa. Angesema asante tu, aende kwa Violet akale uji wake.

"Hesabu tena, Shemasi."

"Una wazimu? Umeshinda!"

"Hukunihesabu."

"Shauri lenyewe linakuhusu wewe, ningekuhesabuje? Na kura moja haibadilishi kitu."

"Basi kuihesabu hakukupunguzii kitu."

Hapo kelele zikapanda. Mmoja akamwita mtovu wa shukrani, mwingine akaapa kwamba atatokea dirishani. Titus akaegemea mlango. Hata Jotham alimnong'oneza aache. Shemasi alisubiri kidogo, pengine akidhani mtu huyu atachoka. Mwisho akarudi kwa wa kwanza, akaanza upya, akitamka kila namba kwa kinyongo.

Alipofika mwisho wa mstari, fimbo ilisimama hewani. Titus hakuinamisha kichwa. Mguu wake mbovu tu ndio uliokuwa ukigongagonga sakafu. Fimbo ikashuka begani, kwa nguvu kuliko ilivyowashukia wengine.

"Thelathini na watano," akasema Shemasi.

Titus akafungua mlango.