Alama ya Keziah katika Makaburi ya Spurlock

Saa moja asubuhi, Oleta Spurlock amepiga magoti makaburini, anang'oa magugu kwa mikono kuzunguka jiwe la mtoni lisilo na herufi hata moja. Mashine ya kukata nyasi ameiacha mbali. Hapa haisogezi.

"Mtu akiligusa hili jiwe, atanitambua," ananiambia bila kuinua kichwa.

Jumapili ijayo ni siku ya kupamba makaburi. Ukoo mzima utapanda mlima huu wa mashariki mwa Kentucky na maua ya plastiki na kuku wa kukaanga, na safari hii utazindua jiwe jipya la granaiti. Kamati imeamua liandikwe: "Malinda, mama wa watoto kumi na mmoja." Jiwe la mtoni liondolewe, kupisha nafasi.

Oleta ana miaka sitini na mitatu. Hufyeka makaburi ya koo kumi na tisa, dola arobaini kila moja, na magoti yameshachoka. Siku za mvua, nyasi zisipokatika, hushinda katika ofisi ya kumbukumbu za kaunti. Kwa miaka sita amekuwa akimtafuta mwanamke aliyemzaa babu wa baba yake.

Alichokipata kinamchemsha damu mpaka leo. Malinda alizaliwa mwaka 1839. Mtoto wa kwanza kati ya wale kumi na mmoja alizaliwa 1847.

"Alizaa akiwa na miaka minane?" anafoka. "Kitabu cha ukoo kimechapwa tangu 1958, kila nyumba kimo, na hakuna hata mmoja aliyekaa akapiga hesabu ya darasa la pili!"

Watoto saba wa kwanza ni wa Keziah, dada mkubwa wa Malinda. Alifariki mwaka 1861, siku nne baada ya kujifungua wa saba, akazikwa chini ya jiwe hili la mtoni. Mwaka uliofuata mumewe aliyefiwa akamwoa Malinda, kama walivyozoea milimani huku, ili watoto wapate wa kuwalea. Malinda akazaa wanne wake, akawalea wote, na wote wakamwita mama. Hana kosa. Wenye kosa ni waliokuja baadaye na kalamu, wakaona mama mmoja anatosha.

Tukiwa bado makaburini, anafika binamu yake, Delmer, mwenyekiti wa kamati, akihema kwa kupanda mlima.

"Oleta, dada yangu, jiwe limeshaagizwa. Watu mia mbili wanakuja kula na kufurahi, wewe unataka kuwaletea kesi?"

"Kesi mmeileta nyinyi. Hili mnalotaka kung'oa ni la nani?"

"Hilo ni jiwe la mtoni tu."

"Na chini yake mmezika nini, viazi?"

Delmer anakohoa. "Huna karatasi, Oleta."

"Ninayo. Kaa chini usije ukaanguka."

Anamkabidhi nakala ya hati ya kuuza shamba, ya mwaka 1857. Enzi hizo shamba halikuuzwa mpaka karani amtenge mke pembeni, mbali na mumewe, amuulize kama amekubali kwa hiari yake. Hati yenyewe haikuchukuliwa na mnunuzi, ikabaki kwenye sanduku la ofisi ya kaunti. Karani ameandika jina la Keziah, mke wa muuzaji. Kando yake, kwa mkono wake mwenyewe, Keziah asiyejua kusoma ameweka mistari miwili iliyokatana, mmoja mfupi, wino umevujia pembeni.

"Mara moja tu maishani mwanamke huyu aliulizwa anataka nini," Oleta anamwambia. "Mara moja, Delmer! Na mumewe alikuwa anasubiri nyuma ya mlango."

Delmer anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. "Nitawaeleza wenzangu," anasema.

Jibu la kamati linakuja Jumatano, kwa simu. Granaiti haibadilishwi. Keziah atawekwa kwenye kitabu, siku kitakapochapwa tena.

"Kitabu!" Oleta anaangua kicheko kisicho na furaha. "Wamemzika mara mbili, sasa wanamwahidi ukurasa."

Kufikia hapo alikuwa ameshakwenda kwa mchonga mawe, Junior Amburgey, na malipo ya kufyeka makaburi saba. Jiwe lake ni dogo: Keziah, 1829 hadi 1861, mama wa saba. Chini yake, ile alama kutoka kwenye hati. Junior alimuuliza kama auongeze ule mstari mfupi, ulingane na mwenzake.

"Nikamwambia, ukiugusa hupati hata senti. Huyu mama hakuacha mwandiko mwingine duniani."

Litasimikwa Jumamosi, ubavuni mwa jiwe la mtoni. Jumapili Oleta atawahi kupanda, kabla ya wote, na kiti chake cha kukunja.

"Nitakaa hapa hapa na sahani yangu ya kuku," anasema. "Anayetaka kuling'oa, aanze na mimi."