Mwaka Habiba Alipoitwa Timu ya Taifa

Harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo hunirudisha uwanjani. Najua wengi wenu harufu hiyo ikiwafikia huwaza nyama, pilau na sikukuu. Mimi huona mpira wa voliboli. Garissa ya miaka ya tisini jua lilikausha ngozi ya kila kitu, ya watu na ya mipira, na mpira wa shule ya dada yangu ulikuwa mmoja tu, umepasukapasuka kama midomo ya mtu mwenye homa. Dada yangu huyo, Habiba, ndiye aliyebuni dawa. Alichota mafuta kidogo jikoni kwa Hooyo, mama yetu, akaupaka ule mpira jioni na kuulaza chini ya kitanda. Asubuhi ulikuwa laini, unang'aa na unanuka kondoo. Timu zilizokuja kucheza Garissa zililalamika kwamba mpira unateleza. Wasichana wetu walijibu kwamba wageni wana mikono ya kushika kalamu tu.

Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu nyuma ya madarasa. Mistari ilichorwa kwa majivu, upepo ukaifuta, ikachorwa tena. Wavu ulikuwa wa kuvulia samaki, mwalimu aliuomba kwa Wapokomo wa kule mtoni, na siku za joto kali bado ulitoa shombo. Korongo wa Garissa, wale ndege wakubwa wenye vipara wanaokula taka, walisimama pembeni kama wazee walioitwa kuamua kesi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, nikisoma shule ya msingi iliyokuwa karibu. Kila jioni nilipita pale, nikakaa juu ya ukuta na kumtazama dada yangu mpaka Hooyo atume mtu kunitafuta.

Habiba alikuwa na miaka kumi na saba na urefu uliomtia Hooyo wasiwasi, maana Hooyo aliamini hakuna mwanamume anayependa kuinua shingo ili amtazame mkewe. Tena alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Mnaozijua nyumba za Kiislamu mnaelewa balaa hilo. Tangu alipoanza kula mwenyewe, Hooyo aliufunga mkono ule kwa kitambaa kila chakula kilipotengwa, mpaka wa kulia ukazoea kazi. Kitambaa kile ndicho kilichomtengeneza. Alipokua, mikono yake yote miwili ilikuwa na nguvu sawa, na alipopaa mbele ya wavu, wale wa upande wa pili hawakujua pigo litatoka wapi. Mlio wa pigo lake ulikuwa mzito kama wa gunia la unga linaposhushwa kutoka kwenye lori. Hooyo hakuwahi kwenda kumwona akicheza, lakini majirani walipomsifu mwanawe alisema kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, na kwa kweli hakudanganya.

Mwaka huo timu yetu ilikwenda Nairobi kwenye michezo ya shule, ikafungwa na kila aliyesimama mbele yake. Walirudi na vumbi na aibu. Ila kocha mmoja aliyekuwa akitafuta wasichana wa timu ya taifa ya vijana alikuwa amemwona Habiba, na ujumbe ukafuata nyuma ya basi: binti huyo mrefu wa Garissa anatakiwa kambini. Timu ilikuwa inajiandaa kwa mashindano ya dunia ya vijana wanawake, huko ng'ambo, katika nchi ambayo kila mtu mtaani kwetu alilitamka jina lake kivyake. Sisi hatukuwa tumewahi kusikia msichana wa kwetu amevaa jezi ya taifa katika mchezo wowote. Nilitembea wiki nzima nikiwa na kichwa juu kana kwamba nimechaguliwa mimi.

Aliyekuja kumwomba baba ruhusa alikuwa Mwalimu Mwende, mwanamke mfupi wa Kikamba mwenye sauti kubwa, yule aliyeomba wavu mtoni. Aabo, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa maneno machache. Nyumbani tulizungumza Kisomali. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni.

"Mwalimu, mimi nabenda elimu," alimwambia. "Lakini hii foliboli, wasichana nafaa nguo gani?"

Basi mambo yakawa ya nguo. Mwalimu akaapa kwamba Habiba atavaa suruali ndefu, fulana ya mikono mirefu na kilemba, na kocha amekubali. Aabo akaona bora ampelekee sheikh wa madrasa swali hilo. Sheikh akauliza kama wanaume watakuwepo uwanjani. Mwalimu hakumficha, alisema watakuwepo. Sheikh akafikiri sana, kisha akasema wanaume hutazama hata ukuta, na ukuta haujawahi kulaumiwa kwa hilo. Mradi binti amejisitiri, na mwalimu mwanamke anafuatana naye, aende. Hooyo akashona suruali mbili nyeusi, ndefu hata zikawa zinafagia mchanga. Nakumbuka Habiba akizijaribu chumbani, akiruka na kugusa boriti ya dari kwa mkono huu na huu, na Hooyo akimwambia atulie asivunje nyumba ya watu, huku akicheka. Kile kizingiti tulichokiogopa kuliko vyote tulikuwa tumekivuka, na mimi kwa utoto wangu nilidhani hakuna kingine.

Kisha ikaja mvua ile ambayo Kenya nzima iliiita Elnino. Sisi watu wa ukame tuliipokea kwa dua za shukrani. Haikukatika. Mto Tana ulivimba ukameza mashamba, barabara ya Nairobi ikakatika, na kambi ya timu ikaahirishwa mpaka maji yapungue. Mbuzi walianza kuoza kwato wakiwa wamesimama. Halafu wakaanza kutupa mimba, kundi zima kwa mara moja, na kufa. Mbu walijaa hata ukifumbua mdomo wakati wa kuswali unameza mbu. Baada ya mifugo, homa ile ikaingia kwa watu. Walitokwa na damu puani na kwenye fizi, na wazee walisema hawajawahi kuona ugonjwa wa namna hiyo.

Dada yetu mkubwa, Rukia, alikuwa ameolewa Dadaab na mtu anayeitwa Abdi, mwenye duka karibu na kambi ya wakimbizi ya Ifo. Mbuzi wao wa mwisho alipoanza kuyumba, Rukia alimchinjisha haraka kabla hajafa, ili nyama isiwe haramu, akamchuna kwa mikono yake mwenyewe. Mtu yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Nani anaacha nyama ipotee wakati wa njaa? Hatukujua kwamba ugonjwa ulikuwa katika ile damu. Habari za kifo chake zilitufikia kupitia simu ya upepo ya wafanyabiashara wa sokoni. Hatukumzika. Kati yetu na Dadaab palikuwa na ziwa la mafuriko. Hooyo alikaa juu ya mkeka akitazama mlango, na kwa siku nyingi alitaja jina la Mungu tu. Rukia aliacha mvulana wa miaka mitatu na kichanga cha kike ambacho kilikuwa bado kinanyonya.

Maji yalipopungua, barabara zote mbili zilifunguka karibu wakati mmoja, ile ya Nairobi na ile ya Dadaab. Kwa ile ya Nairobi ulikuja ujumbe kwamba kambi inaanza, Mwalimu Mwende atakuja kumchukua Habiba wiki inayofuata. Kwa ile ya Dadaab walikuja wazee wa ukoo wa Abdi.

Hapa sina budi kuwaeleza jambo moja. Kwetu mke akifariki, nyumba yake haiachwi ipoe. Mgane hupewa mdogo wa kike wa marehemu, ili watoto walelewe na damu yao na koo mbili zisiachane. Desturi hiyo huitwa *higsiisan*, na watu walioifuata hawakuwa watu wabaya. Waliona wanatenda wema. Wale wazee walikuja na kilio cha kweli, wakakaa kivulini mwa nyumba yetu baada ya swala ya alasiri, na mmoja wao alikuwa amempakata yule mvulana wa Rukia, ambaye alitazama kila mwanamke aliyepita kama anayemtafuta mtu.

Mimi nilipewa kazi ya kumimina chai. Birika lilikuwa kubwa, la wageni, na nilikuwa nimelishika kwa mikono miwili. Aabo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema dini haimruhusu kumtoa binti bila kumuuliza, akamwita Habiba. Desturi ni kwamba msichana akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndicho jibu. Habiba alisimama mlangoni, kichwa kikigusa fremu, na wote wakasubiri anyamaze. Yeye akauliza swali.

"Na mimi nikikataa, Aabo, atachukuliwa nani?"

Aabo aliinamisha macho. Ila Eeddo Dahabo, shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa ameketi pembeni na wanawake, aligeuka akanitazama. Aliniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, polepole, kama mtu anayekagua ndama sokoni, akasema kwa sauti ndogo kwamba watu wanaweza kungoja mwaka mmoja, miwili, si neno. Nilidhani nimemwaga chai. Niliangalia mkeka, ulikuwa mkavu, nikashangaa kosa langu ni nini. Nilipoinua macho Habiba naye alikuwa akinitazama.

"Basi nitakwenda mimi," akasema. "Watoto wa Rukia ni wangu."

Wazee wakasoma Fatiha. Mimi niliamini maneno yake kama yalivyo, kwamba amewahurumia watoto. Niliendelea kumimina.

Mwalimu Mwende alikuja kama alivyoahidi, na gari la kuazima, na hakuwa na habari. Aabo alitoka nje kumlaki, akamkaribisha chai, akamweleza kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, na nilimwona akitafuta maneno ambayo soko halikuwa limemfundisha.

"Wewe nasamehe sisi, mwalimu. Mtoto mkubwa nakufa. Hii moja sasa iko na nyumba yake."

"Mzee, ni miezi michache tu," mwalimu akasema. "Aende acheze, arudi. Nyumba haitahama."

"Mtoto mdogo iko nalia maziwa," Aabo akajibu. "Yeye hajui miezi."

Mwalimu hakubishana. Alimwomba Habiba aje waagane. Walisimama kando ya gari, yule mfupi ameinua uso na yule mrefu ameinamisha wake, na sikusikia walichosema. Habiba hakulia. Mwalimu ndiye aliyelia, waziwazi, mbele ya watoto wote wa mtaa, mpaka baadhi yao wakacheka kwa kuona haya. Kisha akaondoka, na kiti kilichokuwa cha dada yangu kikaenda Nairobi kitupu.

Hakukuwa na ngoma ya harusi, maana matanga yalikuwa bado mabichi. Habiba alipanda mbele ya lori la maji lililokuwa linaelekea Dadaab, mvulana wa Rukia amelala pajani. Zile suruali nyeusi alizichukua, na baadaye nilikuja kuziona zimekatwakatwa kuwa nepi.

Mashindano yalipofika nilijibanza kando ya redio ya Aabo kila jioni. Habari za Kisomali zilieleza vita vya ng'ambo ya mpaka, bei ya ngamia na mafuriko. Za Kiswahili zilieleza safari za wakubwa. Voliboli ya wasichana haikutajwa hata mara moja. Mpaka leo sijui timu yetu ilishika nafasi ya ngapi, na sijawahi kutaka kumuuliza mtu anayejua.

Mimi nilisoma. Nilimaliza sekondari, nikaenda chuo cha ualimu, na kila Aabo aliposikia mtu akiniposa alisema niachwe kwanza nimalize. Nilijiona mwenye bahati, na nilikuwa na majivuno kidogo, nikiamini kwamba nimefika kwa akili zangu. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu, nimesimama mbele ya darasa la sita, siku msichana mmoja mwembamba alipokuja kuniaga kwamba anaolewa. Nilimtazama mikono. Ilikuwa midogo sana. Ndipo macho ya Eeddo Dahabo yaliponirudia, na safari hii niliyaelewa.

Nilikwenda Dadaab likizo iliyofuata. Habiba alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, magoti yakimuuma, ameshazaa wanne juu ya wale wawili wa Rukia. Abdi hakuwa mume mbaya, sisemi hivyo. Nilimuuliza dada yangu bila kuzunguka kama alikubali kuolewa kwa ajili yangu. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Abaayo," akasema, neno letu la kumwita dada, "birika lilikuwa linakushinda. Ulikuwa unatetemeka kulibeba, na wao walikuwa wanaongea juu ya kukupa nyumba."

Akasukuma sinia upande wangu ili nimsaidie. Tulichambua mchele ule mpaka ukaisha, na sikupata neno la kumwambia. Bado nalitafuta.