Kuonja Si Kula

Miaka ishirini na minane katika jiko la kiwanda, hakuna aliyewahi kumkamata kwa chumvi kuzidi wala kupungua. Ndiyo maana walimwita Bi Chumvi, hata jina alilopewa na wazazi likasahaulika. Sufuria zilikuwa tisa, na haikuepuliwa hata moja kabla yeye hajaonja.

Mwaka ule shingo yake ikapiga weusi kama masizi, akawa anasinzia juu ya gunia la mchele mchana kweupe. Daktari akampima.

"Mama, insulini inabisha hodi, lakini mwili wako umetia pamba masikioni. Sukari inabaki kwenye damu. Kisukari bado, ila uko mlangoni. Punguza wanga, acha sukari, tembea. Rudi baada ya miezi mitatu."

Hakuhitaji kutishwa. Dada yake alianza hivyohivyo: akakatwa mguu, macho yakafuata, kisha wakamzika.

Basi akajifunga kibwebwe. Chai akanywa kavu. Asubuhi alikipita kituo cha basi, akaenda kazini kwa miguu. Mchana alikula mboga na maharage kiduchu.

"Wifi, umefunga au umechumbiwa?" mke wa kaka yake, mmenya viazi wa humo jikoni, akamtania.

"Nimechumbiwa na kaburi, nalikataa."

Miezi mitatu ikatimia. Sukari ikakutwa imepanda.

"Mama, unanidanganya," daktari akasema.

Alirudi jikoni amevimba kwa hasira. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama upawa mkononi mwa Bi Chumvi. "Na huo je?"

"Kuonja si kula. Mpishi gani asiyejua hilo?"

"Haya, leo onjea humu." Akamsogezea bakuli tupu.

Kila alichotaka kupeleka mdomoni, uji wa sukari, wali, viazi, chai ya wakubwa, alikitia humo. Kufika saa saba bakuli lilifurika, na la pili lilikuwa nusu. Bi Chumvi akayatazama kama mtu aliyeonyeshwa mwizi wake, kumbe ni wa nyumbani.

Kesho yake alimkabidhi wifi upawa, akachukua kisu cha viazi. Mchana wafanyakazi wakarudisha sahani zimejaa.

"Leo nani kapika? Bi Chumvi kafa?"

Wifi alikuja mbio, upawa unafuka moshi. "Onja tu, mara moja! Nakuomba, wifi yangu."

Harufu ilimfikia. Akameza mate, akainamisha kichwa.

"Waambie ndiyo, kafa," akasema, akaendelea kumenya, maganda yakiiangukia miguu yake yote miwili.