Mzuzu wa Kwenda Kumwona Baba

Kidevu changu ni kifupi. Kinaanza vizuri chini ya mdomo, halafu kinakata tamaa mapema na kuingia shingoni. Shule ya msingi, kule Kilema, wenzangu walisema niliumbwa Ijumaa jioni, Muumba akiwahi mapumziko. Kwa hiyo nilipofika miaka ishirini na minane na ndevu zikakubali kuota za kutosha, nilifuga mzuzu, na tangu siku ile sikumwonyesha mtu kidevu changu. Hata mke wangu nilimwoa nikiwa nao tayari.

Watu hudhani kufuga mzuzu ni kuacha tu ndevu ziote. Ukiwa mfupi sana, unaonekana kama mtu aliyesahau kunawa baada ya kula. Ukizidi, wewe ni beberu. Katikati hapo kuna urefu mmoja tu unaokupendeza, na kila mtu ana wake. Wangu ni nusu ya njiti ya kiberiti, na kwenye ncha uzidi kidogo ili mtu anayeniangalia kwa upande adhani kidevu kinaendelea. Ilinichukua miaka miwili kuupata urefu huo. Ndiyo, nilipima kwa njiti kweli, nikiwa bafuni na komeo nimelifunga.

Kazi yangu nayo inanichochea. Nauza miwani mjini Moshi, kwa hiyo kutwa nzima nimezungukwa na vioo. Mteja anajaribu fremu, namwambia hii inakupendeza, hii inakuongezea mashavu, na kila anapogeuza kioo najiona mimi pembeni yake. Jumatano naona unywele mmoja umezidi upande wa kushoto. Alhamisi ni mitatu. Ijumaa mteja ananiuliza kuhusu lenzi na mimi simsikii vizuri. Jumamosi mchana huwa niko Pasua kwenye kiti cha kinyozi wangu, roho juu, kana kwamba nimepelekwa kusomewa majibu ya vipimo.

Kichwani sina kazi ngumu. Nywele zilianza kunikimbia mapema, nami nikazimalizia. Kila Jumamosi nanyoa kipara. Ukiacha nyusi, mzuzu ndio nywele pekee nilizobaki nazo kuanzia shingoni kwenda juu. Jambo hilo lina uzito kwetu. Mtu akifiwa na mzazi, baada ya mazishi wana ukoo hukaa pamoja wakanyolewa, kichwa na ndevu, wembe mpaka kwenye ngozi. Mwanamume akionekana kijijini kipara kitupu na kidevu kitupu, watu hawaulizi kama kuna msiba. Wanauliza ni nani. Mama alikuwa kila nikipanda nyumbani ananishika kidevu na kusema, "Afadhali hizi umeziacha." Mimi nilidhani ananisifia.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoanza, baba alipata kiharusi. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, mkono na mguu wa kulia vikiwa havimtii tena na maneno yakitoka polepole, moja moja. Nikawa napanda Kilema kila Jumapili. Wiki moja mama akanipigia simu siku ya Ijumaa. "Baba yako amesema Jumapili hii usikose. Ana neno na wewe."

Mzee mgonjwa akisema ana neno na mtoto wake wa kwanza, huhitaji kuwa na elimu kubwa kujua ni neno gani. Usiku sikulala. Na sasa nitasema kitu ambacho sijamwambia hata mke wangu. Katikati ya hofu ile, na hofu ilikuwa ya kweli, nilianza kujiona nimesimama kando ya kaburi. Niliwaona watu wa Kilema wote wamejaa kihambani, shamba letu la nyumbani, migomba imelazwa kwa kukanyagwa, simu zimeinuliwa zinapiga picha, na mimi, mtoto wa kwanza, napigwa kwa upande. Kwa upande! Nikawaza kwamba mzuzu wangu ulikuwa umeanza kupoteza ncha.

Jumamosi nikamwambia kinyozi, "Leo nataka iwe nzuri kuliko siku zote."

Ni mtu wa rika langu, mwenyeji wa Kibosho, mpole, mwenye mkono mwepesi. Alimaliza kipara, akachonga mzuzu, akanipa kioo. Ulikuwa mzuri. Najua ulikuwa mzuri kwa sababu niliutazama kwa muda mrefu kabla sijaanza kuuharibu.

"Hapa kushoto punguza kidogo," nikasema.

"Kaka, pako sawa."

"Kidogo tu."

Akapunguza. Sasa kulia kukazidi. Akapunguza kulia, ncha ikakaa kama imepinda. Akanyoosha ncha. Nikageuza kioo, nikaona kushoto tena. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea mpira wakaanza kunitazama mimi. Mwishoni kinyozi alizima mashine, akaiweka mezani, akajifuta mikono kwa taulo.

"Kaka, zilizobaki ni kama vumbi. Ama nikuachie hivihivi, ama nisafishe zote."

Nilikuwa nimekasirika. Namkasirikia nani, sijui, maana yeye alikuwa amefanya kila nililomwambia. Nikasema, "Safisha."

Kidevu changu kilitokea kwenye kioo baada ya miaka kumi na mitatu, kidogo, cheupe kuliko uso, kama kitu kilichokaa chini ya jiwe. Kinyozi akapaka spiriti. Halafu mkono wake ukasimama. Akanitazama kichwa, akashuka kwenye kidevu, akarudi kichwani.

"Wazee wako wazima, lakini?" akauliza kwa sauti ya chini.

Spiriti iliacha kuwasha. Sikuwa nimefikiria. Naapa sikuwa nimefikiria. Mimi, niliyezaliwa na kukulia Kilema, nilihitaji mtu wa Kibosho kuniambia nimejinyoa matanga ya baba yangu, naye yu hai kitandani, ananisubiri kesho.

Mke wangu alipofungua mlango alirudi hatua moja nyuma. Yeye kwao ni Singida, hajali mambo ya kunyoa. Alishtushwa na kidevu. "Kumbe ndivyo kilivyo," alisema, halafu kwa huruma, "si kibaya." Nilimweleza shida. Akasema nivae kofia. Kofia inafunika kichwa, nikamwambia, na siwezi kuingia alipolala baba nimevaa kofia. Tukatafuta droo zote tukapata barakoa ya miaka ile ya korona, bado iko kwenye pakiti. Akanitazama nilivyoivaa. "Baba atadhani unaogopa ugonjwa wake." Nikasema afadhali adhani hivyo. Usiku kucha nilikuwa najipapasa kidevu, kana kwamba zingeweza kuota hadi asubuhi.

Jumapili bodaboda ikanishusha njia panda ya kwetu, maana tope lilikuwa limeiharibu ile njia ya ndani. Nikavua kofia ya pikipiki, nikavuta barakoa hadi machoni, nikaanza kupanda kwa miguu. Nilipanga nipite haraka. Lakini bibi jirani yetu alikuwa anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, njia yenyewe nyembamba, na mtu hawezi kumpita mama aliyekubeba ukiwa mtoto kama anampita nguzo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani wewe? Toa hicho kitambaa nikuone."

Nilijaribu kusema nina mafua. "Toa," akasema. Ningefanyaje? Nikaishusha.

Aliniangalia. Mzigo wa majani ulianguka wenyewe, sikuona akiutua. "Ruwa wangu," akasema, akashika mdomo. "Meku, baba yako, ametuacha! Lini? Mbona sikusikia kengele?"

"Mama, hapana! Yu hai. Baba yu hai."

"Yu hai?"

"Yu hai kabisa. Ni kinyozi tu."

Nilidhani atafurahi. Alinikazia macho mpaka nikatamani angeendelea kuomboleza. "Basi unamnyolea nini?" akasema. Nilimsaidia kujitwika majani yake na hakunishukuru.

Mama alikuwa uani anamenya ndizi za mtori. Hakupiga kelele. Aliweka kisu chini, akaja, akanishika kidevu kama kawaida yake, kidole gumba kikapita kwenye ngozi tupu mara moja, mara mbili. Mkono wake ulinuka utomvu wa ndizi.

"Umefanya nini?"

Nikamweleza. Nilipomaliza maelezo yalikuwa ya kijinga zaidi kuliko nilivyoyaanza.

"Nirudi mjini?" nikauliza. "Umwambie nimepata dharura?"

"Tangu alfajiri anauliza kama umefika. Amesikia pikipiki." Akatazama mlango, akatazama mpaka wa kihamba. Akaenda pale masale yalipopandwa, akakata jani moja refu, akalifunga fundo katikati na kunipa. "Shika. Usiseme neno kabla hajalipokea."

Kwetu jani la isale ni ombi la msamaha. Watu waliokatana kwa mapanga wamepatanishwa kwa jani hilo. Nilikuwa nimeliona likipelekwa kwa mtu aliyeibiwa ng'ombe, kwa mkwe aliyetukanwa. Sikuwahi kusikia limepelekwa kwa sababu ya mzuzu. Nikaingia nimelishika kwa mikono miwili, barakoa nimeiacha kwa mama.

Baba alikuwa amelazwa kwa ubavu, mito miwili mgongoni, akiangalia mlangoni. Macho yake hayakuugua. Yalinipanda kichwani, yakanishuka kidevuni, yakakaa kwenye jani. Nje ya dirisha ng'ombe alikuwa anatafuna.

"Mmenizika lini?" akasema.

"Baba, ni kinyozi. Alikosea."

"Kinyozi."

Ule uongo ulinishinda mbele yake. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na nilijisikia nina saba. "Ni mimi, baba. Nilimwambia apunguze, apunguze. Nilitaka nipendeze."

"Upendeze wapi?"

Ningeweza kusema kazini. Ningeweza kusema kanisani. Alinisubiri, na alikuwa na subira ya mtu asiye na mahali pengine pa kwenda, na nikaona kwamba anajua.

"Msibani," nikasema. Halafu nikalia, kwa sauti, kidevu changu kifupi kikitikisika hadharani bila kitu cha kukificha.

Upande mmoja wa mdomo wake ulipanda. Sijui kilikuwa kicheko au maumivu; tangu augue vinafanana. Alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akachukua jani, akaliweka kifuani juu ya blanketi. "Nimepokea," akasema. Akapumzika. Neno aliloniitia lilikuwa la mama tu: asiachwe peke yake. Nikaahidi. Kisha, nilipodhani amesinzia, akafungua macho akanitazama tena kidevu.

"Usizifuge tena," akasema. "Utajisumbua. Utazinyoa karibuni."

Alisema bila uchungu wowote, kama mtu anayekuambia usianike kahawa maana mvua inakuja. Nikamjibu kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha. "Nitazifuga."

Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile, na wembe haujagusa uso wangu. Kwa kinyozi siendi. Nywele za kichwani zimeota pale zinapoweza, kiduara kuzunguka masikio, na mzuzu ulifika urefu wake mzuri nikaupita bila kusimama. Sasa umefika kwenye kifungo cha juu cha shati na umegawanyika pande mbili. Bosi amenisema mara mbili. Mtu anayeuza miwani ya kupendeza, anasema, hawezi kuwa na sura hii. Mke wangu alinunua mkasi mdogo akauweka kando ya sabuni. Niliutia kwenye droo. Najiona kwenye vioo vile vyote, kutwa, kwa mbele na kwa upande, na najua vizuri kuliko mtu yeyote Moshi nzima kwamba sipendezi. Lakini kila nikifikiria kuzipunguza, hata kidogo tu, naacha. Naogopa simu ya mama italia mkasi ungali mkononi mwangu.

Kila Jumapili baba hunitazama kidevu kwanza, ndipo anaitikia salamu. Jumapili iliyopita aliinua mkono wake wa kushoto, ukachukua muda mrefu kufika, akazishika ndevu zile akazivuta.

"Mbaya," akasema.

"Mbaya sana, baba," nikasema, nikasogeza kiti karibu na kitanda, asichoke kuzishika.