Farasi, Mizinga na Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa anahama. Ni mwenye duka, kama ndugu zake wengi wa Butembo, na alikuwa amepata nyumba ya kuhamishia duka lake Kibua, kule Walikale. Mizigo ilikuwa imeshafungwa, na mwenye pikipiki angekuja kumchukua alfajiri ya kesho yake. Mimi nilikuwa na jambo moja tu rohoni: mtu huyu haondoki Nyabiondo kabla sijamshinda vitani, hata mara moja.

Vita vyenyewe ni vya mezani. Tunatandika blanketi la kijani, chini yake tunakunja magunia ya maharagwe yawe milima, halafu tunapanga askari wetu wa udongo, wa vile vita vya zamani vya Ulaya vya farasi na mizinga. Njia ni utepe wa kahawia. Kila kikosi kina mwendo wake, nao tunaupima kwa mita ya mshonaji. Kanuni ziko kwa Kifaransa. Shemeji alizipata kwenye simu, akazichapisha Goma, na tangu siku ile anazishika kama katekista anavyoshika kitabu cha misa. Watu hutuuliza kama hatujachoka na vita. Tumechoka sana. Ndiyo maana tunapenda hivi vya mezani, ambamo wafu wote wanarudi kwenye katoni ya sabuni wakiwa wazima.

Alasiri ile mambo yaliniendea vizuri mno. Farasi wangu walibakiza mwendo mmoja kufika darajani, na anayeshika daraja ndiye mshindi. Lakini katika utepe uleule mizinga yangu mwenyewe ilikuwa inarudi, ikiwaelekea. Kanuni zinasema vikosi viwili havipitani kwenye njia nyembamba: kimoja kitoke pembeni, kipoteze zamu. Kipi? Karatasi imenyamaza.

"Mizinga itoke," nikasema. "Farasi iko na haraka."

"Mwenye kubeba muzigo hatokake mu njia, shemeji. Mwenye mikono bure njo anatokaka."

"Hiyo ni njia ya kwenda shamba! Hapa ni Ulaya."

"Na kule Ulaya muzigo haiko nzito?"

Nikasoma aya ile ya Kifaransa kwa sauti, nikairudia polepole, nikitumaini labda itabadilika. Haikubadilika. Nikajaribu upande mwingine: farasi naye amebeba mtu, tena mwenye upanga na buti. Je, mtu si mzigo?

"Ule muntu anaweza kushuka mwenyewe," akasema shemeji. "Muzinga utashuka je?"

Tukamwita mke wangu, aliyekuwa anachagua maharagwe mlangoni. Kila mmoja wetu aliamini mwanamke huyu atakuwa upande wake. Akasikiliza, akapangusa mikono, akanigeukia mimi.

"Weye, Papa, ukikutana na mama iko na kitunga ya mihogo ku mugongo, unafanyaka nini?"

"Natoka mu njia."

"Hata ukikuwa na haraka?"

Kwetu milimani mtoto hufundishwa hilo kabla ya kuhesabu. Ukimlazimisha mwenye mzigo apande ukingoni ili wewe upite, habari itafika kwa mama yako kabla hujafika nyumbani.

"Hata nikikuwa na haraka," nikasema.

"Basi. Musinipotezee saa."

Nikawatoa farasi wangu njiani kwa hasira. Kusema kweli, nilimchukia kidogo shemeji yangu, na mke wangu pia.

Ikaja zamu yake. Askari wake wa miguu walikuwa wanakimbilia daraja lilelile kutoka ng'ambo, na katika njia yao mikokoteni yake ya baruti ilikuwa inarudi, imejaa. Akaweka kidole juu ya askari, akakiacha hapo. Mke wangu alikuwa amesharudi kwenye maharagwe yake. Shemeji angeweza kusema gurudumu si mgongo, tungebishana mpaka giza. Hakusema. Akawatoa askari mmoja mmoja, akawasimamisha kando ya utepe.

"Sheria njo sheria," akasema.

Zamu iliyofuata farasi wangu walirudi njiani, wakashika daraja.

Niliruka. Nilicheza. Nilimwita jenerali wa sabuni, naye akacheka kwa moyo safi huku akikusanya jeshi lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii: ningemtania kila asubuhi pale dukani, mbele ya wateja wake, mpaka aombe huruma. Maneno yote nilikuwa nayo tayari. Ndipo nikakumbuka kwamba kesho lile duka halifunguliwi.

Nikaushika mkono wake uliokuwa na askari.

"Panga tena, shemeji," nikasema. "Panga. Unishinde."