Mchubuko Mdogo wa Rauha Hyytiä

Rauha Hyytiä alifanya kazi miaka thelathini na mitatu kwenye kiwanda cha karatasi. Siku kisu cha mashine kilipompitia ncha ya kidole, alikifunga kitambaa, akamaliza zamu, ndipo akaenda kwa nesi wa kiwanda. Hakutoa hata chozi. Nalitaja hilo kwanza, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilishtuka vile nilipomkuta analia.

Mimi ni Kerttu, jirani yake. Mlango wangu unatazamana na wake, ghorofa ya pili, katika mji wetu mdogo upande wa mashariki wa pwani ya Ufini. Alipostaafu, Rauha alijaza chumba chake cha kulala mtambo wa kufumia, yeye akahamia kulala sebuleni kwenye kochi. Alifuma mazulia ya matambara: mashati ya Veikko, marehemu mumewe, mashuka makuukuu, mapazia ya watu waliohama. Kila Julai tulikwenda naye kwenye gati la kufulia mazulia, kule kwenye meza za mbao zinazonuka sabuni ya msonobari, tukisugua na kusengenya mpaka mikono ife ganzi.

Majira yale ya joto, miaka minne iliyopita, yalikuwa na kitu kisicho cha kawaida. Wiki tatu hapakuwa na mvua wala upepo. Bahari ilitulia ikawa haina hata kunyanzi, na juu yake ukatanda utando wa kijani kama rangi iliyomwagwa. Shakwe, ambao kwa kawaida hukunyang'anya mkate mkononi, walikaa juu ya miamba midomo wazi, kimya. Nilimwambia Rauha tungoje hali ya hewa ibadilike.

"Ngoja wewe," alisema. "Mimi nina miaka sitini na nane na kisukari. Nikingojangoja, mazulia yatafuliwa na warithi."

Tukaenda, Jumamosi asubuhi. Njiani pedali ya baiskeli ilimkwaruza kwenye muundi. Nakumbuka nilikitazama kidonda chenyewe: mchubuko tu, urefu wa njiti ya kiberiti, damu tone moja. Aliupaka mate, akaendelea kukanyaga.

Tulipokuwa tunasuuza, zulia moja lilimponyoka. Zulia lililolowa ni zito kama maiti, na mara zote huzama palepale. Lile halikuzama. Lilijitandaza juu ya maji, likaanza kwenda, polepole, kuelekea nje, kana kwamba kuna mtu amelishika ncha analivuta. Na upepo hakuna.

"Liache!" nikampigia kelele.

"Niache shati la Veikko liende Estonia?" Alikwisha kukunja suruali na kuingia. Maji yalimfika mapajani. Akageuka kunitazama, anacheka. "Kerttu, njoo uonje! Bahari imekuwa supu!"

"Toka humo we mama, unanuka mwani mpaka huku!"

Hakulipata. Zulia lilipita matete, likapita boya, likatoweka. Rauha alisimama majini kitambo kirefu akitazama lilikopotelea, na alipotoka miguu yake ilikuwa ya kijani hadi juu ya magoti. Aliisuuza kwa maji ya bomba, tukarudi nyumbani.

Jioni alikwenda kuoga sauna, chumba cha mvuke wa mawe ya moto, kwa kaka yake Tauno, kama kila Jumamosi. Asubuhi yake, saa mbili, nikasikia kutoka kwake kitu kama paka anayekwaruza ukuta. Nilivuka ukumbi nikafungua mlango wake, maana huwa haufungi kwa ufunguo. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea ukuta, kucha zake ukutani, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Mguu," alisema.

Niliutazama. Ni afadhali ningeona kitu cha kutisha. Mchubuko ulikuwa umekauka vizuri, safi. Pembeni yake pana wekundu, labda upana wa kiganja. Mguu umevimba kidogo, na ngozi imevutika inang'aa kama mshumaa. Basi. Nikaweka kidole juu kabisa, karibu na goti, mahali pasipo na wekundu wowote, na Rauha akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwa mtu mzima.

"Hapa hapana kitu, Rauha!"

"Kiko ndani," alisema, meno yanagongana kwa homa. "Kinatembea. Kerttu, kuna kitu kinatembea chini ya ngozi."

Nikampigia simu Tauno. Alifika kwa dakika kumi, bado kavaa ndala. Ni mzee mfupi, mbishi, asiyemwamini daktari tangu wa kwanza amkataze siagi.

"Umeteguka," alimwambia dada yake. "Ulikanyaga jiwe kule majini. Nawasha sauna tena, tunaupaka lami ya msonobari kama wazee wetu, kesho unacheza dansi ya tango."

"Sauna ndiyo imeuamsha, mjinga we," Rauha akajibu. "Jana nilipomwagia maji mawe nilidhani nimekatwa shoka."

"Sasa unataka uende hospitali useme nini? Nimekwaruzwa na baiskeli? Watakucheka."

Na kweli, hilo ndilo lililotuzuia. Aibu. Nani anaita gari la wagonjwa Jumapili asubuhi kwa mchubuko wa njiti ya kiberiti? Nikasema basi tuweke alama. Nilichukua kalamu ya wino mezani nikauzungushia wekundu mstari, pembezoni kabisa, kwa uangalifu kama mtu anayechora ramani. Kisha nikateleka kahawa, maana sikujua la kufanya.

Kahawa ilichemka, tukanywa kikombe kimoja kimoja, Rauha hakugusa chake. Nilipoinama tena kuutazama mguu, wekundu ulikuwa umevuka mstari wangu. Vidole viwili. Tauno aliinama naye, akavua kofia yake, akaishika mikononi kama aliye kanisani. Tulikaa pale watu watatu, jua limejaa chumbani, tukiangalia, na naapa niliuona ukisogea.

Nilipiga namba ya dharura. Nesi aliyepokea alikuwa na sauti tulivu. Akauliza umri, maradhi, kidonda kilipatikanaje. Nilipotaja bahari, sauti yake ilibadilika.

"Maumivu yanalingana na kidonda, mama, au yanakizidi?"

"Yanakizidi mara elfu."

Wakati huohuo Rauha akashusha pumzi ndefu nyuma yangu. "Yametulia," alisema. Nikageuka. Alikuwa anatabasamu. Uso wake umekunjuka, mweupe kama karatasi. "Yamekwisha kabisa, Kerttu. Keti, unywe kahawa yako."

Nikamwambia nesi kwa furaha: "Maumivu yameisha!"

Nesi akasema, "Mfinye kwenye wekundu. Kwa nguvu."

Nikamfinya. Rauha aliendelea kutabasamu, anatazama dirishani. Nikafinya kwa kucha. Hakugeuka. Chini ya kidole changu palikuwa pameanza kutokeza doa la zambarau, kama la matunda ya mwituni yaliyopondeka, na ngozi yake ilikuwa ya baridi.

"Hasikii," nilisema.

"Gari liko njiani. Msimpe chakula wala kinywaji. Msiende popote."

Hospitalini tulipokewa na daktari wa upasuaji, mwanamke mrefu wa makamo aitwaye Marjut Kaskela. Alibonyeza mguu mara mbili, akaangalia mstari wangu wa kalamu na mahali wekundu ulipokwisha kufika, juu kidogo ya nusu ya muundi, akawaambia wenzake waandae chumba. Tauno akauliza kama hawatapima kwanza.

"Tutapima huku tunakata," alisema Kaskela. "Majibu ya maabara yanachukua siku. Huyu hana siku." Kisha akamwinamia Rauha. "Rauha, unanisikia? Nikifungua nikakuta nyama imekufa hadi chini, naweza kulazimika kuuchukua mguu. Unaniruhusu?"

Rauha alikuwa katika utulivu uleule wa ajabu. "Wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Chukua. Ila uniachie goti kama unaweza. Nafuma."

Yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa siku sita.

Kaskela alitutokea baada ya muda wa saa tatu, mimi na Tauno, kwenye viti vya ukumbini. Hakutuficha. Alisema alipasua mahali ambapo ngozi ilionekana nzima kabisa, akaingiza kidole, na kidole kikateleza ndani hadi mwisho bila kukwama popote, kama unavyoingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Kati ya ngozi na msuli kuna utando unaovishika pamoja. Utando wenyewe ulikuwa umeoza. Hapakutoka damu wala usaha, ila maji ya kijivu, kama yale yanayobaki baada ya kuosha vyombo.

"Watu huwaita bakteria wanaokula nyama," alisema. "Hawali. Wanamwaga sumu, mishipa midogo ya damu inaziba, na nyama inakufa ikiwa mahali pake. Wanapita kwenye utando ule kama maji yanayopita chini ya sakafu. Ngozi ndiyo ya mwisho kupata habari."

"Na yale maumivu kuisha?" niliuliza.

"Neva zilikuwa zimekufa."

Tauno aliuliza ni nini, kimetoka wapi. Daktari akasema anahisi ni bakteria wa bahari, wa maji yenye chumvi kidogo kama yetu, na siku tatu baadaye maabara ikathibitisha. Wamo humo tangu zamani, akasema. Maji yakiwa baridi huwa wachache, hawana neno. Yakipata joto kama la wiki zile, huzaana. Watu mia wangeingia wasidhurike. Lakini mwenye jeraha wazi na kisukari, huyo wamefunguliwa mlango.

"Nilitaka kumpaka lami," alisema Tauno, akainama, mabega yakamtikisika.

Walimrudisha chumba cha upasuaji kesho yake, na keshokutwa. Kila mara walikata mpaka wakute nyama inayotoa damu. Siku ya tatu walichukua mguu chini ya goti. Goti walimwachia. Siku ya sita aliamka, akatazama shuka lilivyolala bapa upande mmoja, akaomba maji.

Katika mwezi wake wa pili hospitalini walimruhusu kurudi nyumbani. Alichonieleza wakati ule kinanisumbua hadi leo. Alisema mguu ule bado anao. Usiku hauumi, lakini siku za utulivu, pasipo na upepo, anausikia umesimama ndani ya maji ya uvuguvugu, na kitu laini kama kitambaa kinajizungusha kifundoni. Daktari alisema ubongo hukumbuka kiungo kilichoondoka, na kwamba wengi husikia hivyo. Nilimwamini daktari. Lakini nilipokuwa kwa Rauha akaniambia "sasa hivi, ndiyo hiki, kinazunguka," nilipandisha miguu yangu juu ya kiti.

Watu wa mtaani walisema mengi: kwamba bahari imelaaniwa, kwamba zulia la marehemu lilimwita. Rauha hapendi maneno hayo. "Veikko hakuweza kuniita hata chakulani," alimwambia mmoja wao, "ataniitia baharini?" Yeye huwaeleza kwa maneno ya Kaskela, polepole, kama mwalimu: utando, sumu, neva. Siku hizi mtu akiwa na kidonda kinachomtia wasiwasi humpigia Rauha kabla ya daktari, naye humtukana na kumwambia apige namba ya dharura. Mwaka juzi mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alimsikiliza, akafika hospitali wekundu ukiwa bado kifundoni. Huyo ana miguu yote miwili.

Mtambo wa kufumia una kanyagio nne. Tauno, ambaye baada ya siku ile hakubishana na mtu wiki nzima, alizitengeneza upya ziwe karibu karibu. Mguu bandia Rauha anauvaa asubuhi na kuuvua mchana, anasema unamwasha.

Februari iliyopita alinunua sleji, chombo cha kuteleza juu ya theluji kwa kusukuma na mguu, chenye kiti mbele. Anasimama kwa mguu wa bandia kwenye chuma kimoja cha kutelezea, anapiga theluji kwa ule mzima. Mara ya kwanza alianguka mbele ya duka, mbele ya watu. Nilikimbia kumwinua.

"Usinishike," alisema, theluji imemjaa nyusi. "Geuza sleji itazame mteremko, halafu sogea."

Niliigeuza. Nikasogea.